Mkimbiaji wa Unyambwa na Jirani wa Sekenke

Unyambwa, Singida
14 Januari 2024

Dada Anastazia,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa hapa uani, maana ndani kuna joto na Yohana amelala baada ya zamu ya kiwandani. Mvua imetunyeshea vizuri mwaka huu. Alizeti zimefika magotini, na upepo wa huku unaujua mwenyewe, hauchoki. Yohana anakusalimia. Mama Prabha, yule mwenye duka la vitenge ninakofanya kazi, aliniuliza juzi kama yule dada yangu mrefu atakuja tena kuchagua khanga, maana ulimfurahisha ulivyokuwa unazikataa moja moja. Mwanao Simeoni amerudi bweni salama? Na shemeji Gaspari bado yuko Chunya kwenye machimbo, na simu yenu mfukoni mwake?

Ningekupigia kwa simu ya watu wa hapo jirani, lakini mwenye simu husimama pembeni akisikiliza, na haya ninayotaka kusema si ya kusikilizwa. Barua nampa Gabrieli, konda wa basi la Nzega, akuachie dukani hapo Sekenke.

Dada, nina mimba. Imefika miezi mitatu. Tumesubiri miaka minne, unajua, na unajua nilivyokuwa nikijibu watu wakiniuliza. Yohana alipoambiwa alikaa chini kama mtu aliyeshushiwa mzigo. Halafu akainuka, akachukua raba zangu za mazoezi mlangoni, akazipandisha juu ya kabati. Akasema hizo basi, mpaka mtoto atembee.

Akienda kazini nazishusha.

Usinikasirikie kabla hujamaliza kusoma. Nilimwambia nesi wa kliniki, anaitwa Rizwana, mtoto wa mjini hapa hapa, kwamba mimi ni mkimbiaji tangu shule ya msingi na nipo kwenye timu ya kocha Moses. Sikumficha kitu. Alinipima presha, akapima damu, akauliza kama nimewahi kuharibikiwa mimba au kuona damu. Hapana. Akasema mtu aliyezoea kukimbia anaweza kuendelea taratibu kama hana tatizo, ila mashindano niyasahau. Mengine ataniambia nikirudi na kadi.

Tatizo ni kwamba kocha Moses ameshaniweka kwenye orodha ya nusu marathoni ya Dodoma mwezi wa nne, na sijamwambia. Tatizo la pili ni mimi mwenyewe. Siku nisipokimbia siwezi kukaa. Napanga vitenge, navipangua. Mama Prabha aliniuliza kama kuna mdudu kwenye kiti.

Wewe umezaa watatu. Niambie kweli, unaonaje?

Mdogo wako,
Witness


Sekenke
5 Februari 2024

Witness,

Marahaba. Barua yako ilikaa dukani siku nyingi chini ya mzani, mwenye duka alisahau. Simeoni alirudi shule, amekonda. Binti yangu wa Shelui ana mtoto wa pili sasa, kwa hiyo mimi ni bibi mara mbili, uniheshimu. Mtama umeota vizuri isipokuwa ule wa bondeni, mbuzi wa watu wameupitia. Gaspari hajaandika wala hajapiga simu kwa mtu yeyote. Shimo alilokwenda kulichimba halijatoa kitu, nadhani, maana lingetoa tungesikia.

Nimefurahi. Nilisoma sehemu ile ya mimba nikaifunga barua, nikaenda kusimama nje kidogo, kisha nikarudi. Mungu amekukumbuka.

Hayo mengine hayakunifurahisha. Unaniomba nikuambie kweli, basi: acha. Umesubiri miaka minne, halafu unaanza kumrusharusha huyo mtoto barabarani? Nesi ni nesi, lakini nesi hatalala na wewe ukipata maumivu. Hapa Sekenke kuna mwanamke mimba yake ilitoka baada ya kuanguka akikimbiza ng'ombe. Hata kama wewe hukimbizi ng'ombe, ardhi ni ile ile. Na unamficha Yohana. Mume anayepandisha raba juu ya kabati ana woga, si mkali. Mtu mkali angezichoma.

Mwambie kocha. Mwambie mumeo. Kaa chini.

Nina swali la jirani yangu mmoja. Ni mtu mzima, ana arobaini na tatu, na amejikuta ana mimba baada ya miaka mingi ya kutozaa. Hajaenda kliniki. Anaona aibu, ana wajukuu. Anataka kujua nesi wako anasemaje kwa watu wa umri huo, kama kuna ubaya akichelewa kwenda. Ukipata nafasi umuulize, lakini usitaje Sekenke.

Mimi sijambo.

Dada yako,
Anastazia


Unyambwa
19 Februari 2024

Dada,

Shikamoo. Hapa sote wazima. Mama mkwe amekuja kutoka Misigiri na kuku wawili na gunia la viazi vitamu, na amesema hatarudi mpaka apate mjukuu. Mama Luciana unamfahamu, ulikaa naye meza moja siku ya harusi. Akifurahi anasema Kiswahili, akikasirika anahamia Kinyiramba. Wiki hii tumesikia Kinyiramba kingi.

Kati ya maneno yako matatu nilifuata moja na nusu. Nilimwambia kocha Moses. Aliniangalia, akafuta jina langu mbele yangu, akanipa mkono, akasema hongera. Nilitembea mpaka nyumbani nikilia, na sikuwa najua nalia kwa nini, maana nilijua atalifuta.

Kwa Yohana sikupata nafasi ya kumwambia, alinikuta. Alirudi mapema, mashine ya kukamua mafuta imeharibika, tukakutana uso kwa uso kwenye barabara ya vumbi ile inayopita kanisani. Mimi nikiwa na raba na kitenge nilichojifunga chini ya tumbo, yeye juu ya baiskeli. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Ungeanguka huku peke yako, nani angejua?"

Dada, nilikuwa nimejiandaa kwa mambo yote isipokuwa hilo. Ulisema ana woga, na ni kweli. Nilimwambia twende wote kliniki amsikie Rizwana mwenyewe, na alikubali.

Rizwana alimweleza taratibu. Kwamba nisikimbie jua likiwa kali, wala mlimani, wala kwenye mawe. Ninywe maji kabla na baada, na nisitoke bila kula. Mwendo uwe ule ambao naweza kuongea sentensi nzima bila kuhema, na nikishindwa kuongea nitembee. Tumbo likikua mwili hupoteza usawa wake na viungo hulegea, kwa hiyo kuanguka kunakuwa rahisi, na siku nitakayojisikia mzito niache nitembee tu, hakuna atakayenipa zawadi kwa kulazimisha. Na nikiona damu, hata tone, au maji, au kizunguzungu, maumivu ya kifua, tumbo kukaza kwa kurudiarudia, au mguu mmoja kuvimba na kuuma, nisimame hapo hapo na nije. Yohana aliuliza maswali mengi kuliko mimi. Mwishoni akauliza kama baiskeli inaruhusiwa.

Sasa tunakwenda hivi: mimi nakimbia, yeye yuko pembeni na baiskeli, na kazi yake ni kunisemesha. Ananiuliza nimepika nini, binamu yangu wa Ikungi anaitwa nani, bei ya mashudu imefika wapi. Nikijibu kwa neno moja anashuka, tunatembea. Watu wa Unyambwa wanatucheka. Mimi pia nacheka.

Mama Luciana hacheki. Anasema mtoto atazaliwa anatetemeka. Lakini nikuulize, dada. Asubuhi ananikataza kukimbia, na asubuhi hiyo hiyo ananiachia ndoo mbili za kisimani, za kubeba kichwani. Akaona ni sawa. Mimi niliona ajabu, na nikimwambia ananiona mimi ndiye wa ajabu. Wanawake wote tunaowajua wamebeba kuni na maji mpaka siku ya uchungu, hakuna aliyesimama mlangoni kuwazuia.

Kuhusu jirani yako, Rizwana amesema aende kesho kama anaweza, asingoje hata wiki. Umri huo presha hupanda kirahisi, na mtu hajisikii kitu mpaka hali imeshakuwa mbaya. Wakimpima mapema wanaweza kumlinda. Aibu aiache nyumbani. Amekwenda?

Nijibu upesi.

Witness


Sekenke
31 Machi 2024

Witness,

Marahaba. Nimechelewa, kazi za shamba zilikuwa nyingi. Leo ni Pasaka, nimetoka kanisani nimekaa. Mvua zimeanza kupungua. Kuku wengi wamekufa kwa kideri.

Nimefurahi kuhusu Yohana. Mwache akusemeshe.

Juu ya ndoo sina la kukujibu. Nimelifikiria.

Jirani hajambo. Atakwenda akivuna.

Msalimie Mama Luciana.

Anastazia


Unyambwa
21 Aprili 2024

Dada,

Shikamoo. Barua yako ilikuwa fupi mpaka Yohana akageuza karatasi kuangalia nyuma. Una nini? Ni Gaspari? Ukiwa na shida sema, mimi si mtoto.

Naandika nimelala. Wiki iliyopita, nikiwa dukani nimesimama nakata kitenge cha mteja, nilihisi unyevu. Nilikwenda chooni, nikakuta damu. Haikuwa nyingi, na hapakuwa na maumivu, ila ilikuwa nyekundu ya wazi. Siku hiyo sikuwa nimekimbia. Wala siku ya kabla yake, Yohana alikuwa zamu. Mama Prabha alifunga duka wateja wakiwa ndani, akanipeleka hospitali kwa gari lao, na mkono wangu hakuuachia njia nzima.

Walinipima kwa altrasaundi. Mtoto mzima, moyo unapiga, niliuona. Lakini kondo la nyuma limekaa chini, limefunika mlango wa kizazi. Daktari alisema kwa hali hiyo hakuna kukimbia tena, hakuna kubeba kitu, hakuna safari ndefu, na damu ikirudi nifike hospitali bila kungoja mtu. Watanipima tena. Wakati mwingine kizazi kikikua kondo hupanda lenyewe, wakati mwingine halipandi, na hapo mtoto hutolewa kwa upasuaji.

Yohana alimuuliza swali nililoliogopa. Daktari akamjibu, "Mbio hazikuliweka hapo. Lilijishika hapo tangu mwanzo. Lakini sasa tumejua, na tukishajua mambo yanabadilika."

Mama Luciana yeye hakuwa ndani ya chumba. Tulipomweleza akaniletea uji, akaweka chini, akasema, "Uliambiwa." Neno moja tu hilo. Ningependa angesema Kinyiramba siku nzima kuliko hilo neno moja.

Nimeacha, dada. Sikulazimishwa na mtu, nilivua raba mwenyewe nikazifunga kamba. Lakini nakasirika. Nakasirika kwa sababu kila anayeingia humu ndani ananitazama kama mtu aliyeshindwa kesi. Nilichofanya hakikuwa kosa, na kukiacha sasa si kukiri kosa. Ni vitu viwili, na hakuna anayetaka vikae viwili. Hata wewe, nadhani, unasoma hapa unatikisa kichwa.

Miguu hainiachi. Nikilala inacheza yenyewe chini ya shuka. Nasikia vijana wa kocha Moses wakipita barabarani asubuhi, najua nani ni nani kwa jinsi anavyokanyaga. Nageukia ukutani.

Naogopa. Sijamwambia mtu mwingine neno hilo. Niandikie kitu, chochote, hata habari za kuku.

Witness


Sekenke
12 Mei 2024

Mdogo wangu Witness,

Marahaba, na pole. Pole sana. Nimeisoma barua yako nikiwa nimelala na mimi, si kwa ugonjwa, ni uchovu tu wa kuvuna mtama. Mwandiko utanisamehe, mistari inanikimbia.

Sikutikisa kichwa. Nataka ujue hilo kwanza. Nilikuwa nimekosea kusema mtoto atarushwarushwa. Ulimuuliza mwenye ujuzi, ukamfuata alipokuruhusu, ukamfuata alipokukataza. Mtu afanye nini zaidi ya hapo? Mama Luciana akisema tena uliambiwa, mwambie Anastazia wa Sekenke anasema aje amwambie yeye.

Unakumbuka ulipokuwa darasa la tano, mwalimu alikuja nyumbani kumwomba baba akuruhusu kwenda mashindano ya wilaya? Baba alikataa, ana shamba la kupalilia. Nikasema nitapalilia sehemu yako. Sikufanya hivyo kwa upole. Nilikuwa nimekuona ukikimbia uwanjani, na nilitaka mmoja wetu aende mbele bila kitu kichwani. Basi. Lala, mwache mtoto akue. Miguu itakungoja.

Nina jambo la yule jirani. Alichelewa kwenda kliniki, mavuno yalimshika. Sasa miguu imemvimba mpaka kandambili haziingii, na uso pia asubuhi unakuwa mzito. Kichwa kinamuuma sana huku mbele, dawa ya duka haisaidii. Wakati mwingine anaona vimetameta mchana, kama cheche. Nikilala chali nasikia tumbo linauma juu, chini ya mbavu. Anauliza kama ni kawaida kwa mtu wa umri wake, au ni jua la kuvunia. Muulize Rizwana ukienda. Haina haraka.

Nitaandika vizuri nikipumzika.

Anastazia


Unyambwa
23 Mei 2024

Dada,

Barua yako imefika leo. Gabrieli aliharibikiwa na basi Igunga, akaibeba mfukoni hadi leo.

Umeandika "nikilala". Hakuna jirani. Ni wewe.

Sikulaumu, hatutaongea hayo sasa. Nimempigia Rizwana simu na kumsomea maneno yako kama yalivyo. Amesema ni presha ya mimba, kichwa na cheche na maumivu chini ya mbavu ni dalili za kifafa cha mimba, na kila saa unayokaa nyumbani ni hatari kwako na kwa mtoto. Amesema uende hospitali, si zahanati, na uende leo.

Simu ya watu wa hapo nimepiga, haipatikani. Ningekuja mwenyewe. Nilishavaa viatu, dada, nimefika mlangoni. Yohana alisimama mbele yangu, hakunishika, alisimama tu. Hapo Mama Luciana akatoka jikoni akauliza kuna nini. Nikamsomea. Hakuniacha nimalize. Alijifunga kitenge, akachukua pochi yake, akasema njia ya Sekenke anaijua kuliko sisi, na mtoto wake mmoja ana gari Misigiri. Yeye ndiye anayekuletea karatasi hii.

Usijibu barua. Usifunge kuku, usimngoje mtu wa kuangalia mbuzi. Panda gari.

Witness


Misigiri
18 Juni 2024

Witness mdogo wangu,

Marahaba ya zile shikamoo zote ulizonitumia kwa simu ya watu. Naandika kitandani kwa Mama Luciana, hapa Misigiri. Niko hai. Wewe vipi? Damu haijarudi? Yohana alimwambia mama yake kwamba wamekupima tena na kondo bado liko chini. Basi upasuaji na uwe, mimi umenipitia na nimeamka.

Nataka nikueleze mwenyewe, maana najua umesikia vipande.

Mama Luciana alifika saa za mchana na kijana wake na pikapu. Hakubisha hodi sana. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka napepeta mtama. Alichuchumaa, akabonyeza mguu wangu kwa kidole gumba, akatoa kidole, shimo likabaki pale pale. Sote wawili tukalitazama. Akasema, "Vaa khanga yako, mwanangu, tunaondoka."

Nilikataa. Sijui unaamini, lakini nilikataa. Nilisema kuna mtama nje, nilisema mvua inaweza kurudi, mwezi wa tano, mvua gani? Yeye akanipa karatasi yako. Nikasoma pale pa "hakuna jirani". Nikauweka ungo chini. Kumbe nilikuwa nimechoka kuwa watu wawili.

Baada ya kupita Misigiri sikumbuki. Wananiambia nilipata degedege ndani ya gari, Mama Luciana akanilaza ubavu, akaweka khanga chini ya kichwa changu, akamwambia kijana wake asiangalie nyuma, aendeshe. Hospitali walinichoma sindano za kuzuia degedege, wakashusha presha, wakanipasua. Nilipoamka niliuliza kama nimevuna.

Ni mtoto wa kike. Mdogo sana, njiti, mikono kama ya panya. Walimfunga kifuani kwangu ngozi kwa ngozi, na nikichoka Mama Luciana alifungua blauzi yake na kumbeba yeye. Mwanamke yule hajanizaa, si wa ukoo wetu, alikaa kwenye benchi la wodi na mtoto wangu kifuani, akimwambia kwa Kinyiramba habari za watu asiowajua. Nimempa mtoto jina lake. Alisema hapendi, kisha akaenda nje.

Unataka kujua kwa nini sikusema. Nilikuwa naona aibu, hilo la kwanza. Bibi wa wajukuu wawili, mume yuko Chunya bila habari, nianze kutapika mbele ya watu? Lakini kulikuwa na lingine. Uliandika habari za ndoo, na wakati naisoma nilikuwa nimetoka kupanda ule mlima na kuni kichwani, mimba ya miezi mitano tumboni, na nilikuwa nimekaa chini kukuandikia wewe kwamba usikimbie. Nilishindwa kuandika. Nikasema jirani atakwenda akivuna. Niliona kwamba nikisema nina mimba, hakuna atakayeniambia weka chini. Wewe ungesema. Na ningelazimika kuiweka, na mtama ungevunwa na nani?

Jambo moja zaidi. Siku moja wodini Mama Luciana alimshika daktari mkono akamuuliza juu yako, kama mbio ndizo zilizokuharibia. Daktari alimwambia hapana, akamweleza, na akamwambia kwamba wajawazito wengi wenye afya wangefaidika kutembea na kukimbia kidogo kuliko kubeba. Alisikiliza mpaka mwisho. Njia nzima kurudi Misigiri alikuwa akitazama barabara. Mimi nakuambia tu, usimwambie nimekuambia.

Anakuja kwako wiki ijayo ili awepo ukijifungua. Mimi nitabaki hapa na watu wake mpaka mtoto aongeze uzito.

Usiogope. Au ogopa, lakini usiogope peke yako.

Dada yako,
Anastazia


Unyambwa
10 Novemba 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia umerudi Sekenke na kwamba Gaspari amefika. Uliniandikia kwamba alisimama mlangoni akimwangalia mtoto bila kuingia, kisha akaenda kuchota maji. Sijui utamsamehe lini kwa ule ukimya, na sikuulizi. Ila ndoo aendelee nayo. Na presha upime kila walivyokuambia, hata ukijisikia mzima.

Hapa Fredrick ana miezi minne. Ananenepa, ana sauti kama ya mnada. Watu wanashangaa hatetemeki. Yohana amehamia zamu za mchana, anamwogesha mtoto kwa makini mpaka maji yanapoa. Kidonda changu cha upasuaji kimefunga vizuri. Miezi ile ya kwanza nilitembea tu, mpaka kanisani na kurudi, na mazoezi madogo ya tumbo na nyonga aliyonionyesha Rizwana. Nilimuuliza kila nilipokwenda kliniki, na kila mara alisema bado. Mwezi uliopita alinikagua, akasema naweza kujaribu, kidogo kidogo, kukimbia na kutembea, na nikisikia kuvuta au mkojo kunitoka nirudi kwake.

Nilikaa wiki nzima sijajaribu. Mimi, niliyekuwa siwezi kukaa kwenye kiti. Nilivaa raba nikazivua. Nilikuwa naogopa nitakuta nini, au nitakuta hakuna kitu.

Jana asubuhi nilinyonyesha, Fredrick akalala, nikatoka. Mama Luciana alikuwa uani anachambua mchicha, sikumwambia naenda wapi. Upepo ulikuwa umeanza, vumbi linapita barabarani. Nilikimbia, dada. Ilikuwa vibaya. Mwili mzito, maziwa yanauma, kifua hakijui la kufanya, miguu inakanyaga kama ya mtu mwingine. Kijana mmoja wa kocha Moses alinipita akanisalimia kwa adabu, kama unavyomsalimia mama wa mtu. Na muda wote masikio yangu yalikuwa nyuma, nasikia mtoto analia, najua haiwezekani kusikia kutoka pale, lakini nasikia. Sikufika popote. Niligeuka.

Mama Luciana alikuwa amesimama getini, Fredrick begani kwake, amelala fofofo, mdomo wazi. Nilianza kueleza, kwamba nilikwenda dukani, kwamba narudi kupika.

Aliangalia raba zangu, akaangalia barabara nilikotoka. Akasema, "Mbona umerudi upesi? Hajaamka."

Nikasema nilidhani atakuwa analia.

"Akilia nipo," akasema. "Nenda."

Kisha akageuka na mjukuu wake, akafunga geti, mimi nikiwa nje.

Nilisimama pale kidogo nikicheka peke yangu kama mwehu. Halafu nikarudi barabarani. Sikwenda mbali, nilifika kwenye yale mawe makubwa tu, nikitembea nusu ya njia. Lakini safari hiyo ya pili sikukimbia nikisikiliza nyuma.

Mpakate Luciana mdogo kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Witness